Waliikata Mabawa

Nilisikia mlio wa grenda tangu barabarani. Mlio ule haukuwa wa kukata nondo wala bati la paa, na mimi sauti ya aluminiamu ikiliwa na jiwe la kukatia naijua. Nikaibwaga baiskeli getini, nikakimbia kadiri mzee wa miaka sabini na moja anavyoweza kukimbia, hadi nyuma ya lile ghala ambalo jeshi liliacha kulitumia zamani.

Ndege yangu ilikuwa imesimama kwenye majani marefu, palepale iliposimama miaka kumi na tisa. Bawa la kulia lilikuwa chini, limelala kama mlango uliong'olewa. Juu ya bawa la kushoto kijana mmoja alikuwa amechuchumaa, cheche zinamrukia magotini.

"Zima!" nilipiga kelele. "Zima hiyo takataka!"

"Mzee, sogea, cheche zitakuingia machoni."

"Nitakuingia wewe machoni! Zima, nimesema!"

Msimamizi wao, Rafiqul, mkandarasi wa matrela, akaja mbio huku akitema maji mekundu ya tambuu. "Mzee Kakoti, usinigombeze mbele ya vijana wangu. Nimeambiwa ndege ipite daraja la Dhansuk ifike makumbusho. Ikiwa na mabawa haipiti."

"Mabawa yanafunguliwa! Yana boliti! Nilichora mchoro, nikampa mkurugenzi Chaliha mkononi. Watu wanne, siku mbili, basi!"

"Mchoro sijauona. Mimi nimeona ndege, nimeona daraja."

"Na boliti je, hukuziona?"

"Boliti za miaka ishirini kwenye mvua? Zimeshaota kutu, mzee wangu."

Hapo ndipo nusura nimpige. Tangu Januari, kila Jumatatu, nilikuwa naendesha baiskeli kilomita tisa na chupa ya mafuta mfukoni kwenda kulainisha boliti zile. Moja moja. Nilikuwa nimeshazilegeza zote, nikazibana tena kwa vidole tu, ili siku ya kazi zitoke kama kizibo cha chupa. Nikainama chini ya bawa, nikaishika ya kwanza, nikaizungusha kwa mkono mtupu, ikatoka. Nikamwekea Rafiqul kiganjani.

Akaitazama, kisha akamtazama kijana wake. "Maliza," akamwambia kwa sauti ya chini. "Limebaki kidogo."

Wakamaliza.

Naitwa Dhaniram Kakoti. Nilikuwa fundi wa ndege za kivita katika jeshi la anga miaka ishirini na sita, nikastaafu na cheo cha sajini, nikarudi Assam kwetu, mji mdogo wa Rangajan, kwa mke wangu Hiranya. Ndege ile ni namba 417, ya Kirusi, injini moja, kiti kimoja, pua ndefu kama mdomo wa korongo. Ndiyo iliyowafundisha vijana wengi kuruka peke yao. Ilipostaafishwa waliitupa nyuma ya ghala. Nyuki wakajenga kwenye bomba la injini na mbuzi wakalala chini ya tumbo. Ni mimi niliyeandika barua miaka sita mfululizo, kwa wilaya, kwa jimbo, kwa kila mwenye muhuri, kuomba iwekwe kwenye makumbusho mapya ya mji. Ni mimi niliyewaletea. Hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Mkurugenzi wa makumbusho, Mukunda Chaliha, alikuwa meneja wa shamba la chai kabla ya kupewa kiti kile. Ndege kwake ni kitu cha kupigia picha. Nilimkuta ofisini anakunywa chai.

"Mzee wangu, kaa kwanza," alisema. "Najua umekasirika. Tutayachomelea mabawa, tutapaka puti ya magari pale kwenye kovu, tutapiga rangi. Nani atajua?"

"Umekata mhimili wa ndege, wewe! Ule ni uti wa mgongo wa bawa. Hauchomelewi."

"Kwani itaruka?"

"Haitaruka. Baba yako naye hatatembea tena, lakini hukumkata miguu ili aenee kwenye jeneza."

Uso ukambadilika. Akaweka kikombe chini. "Sasa sikiliza, Kakoti. Itasimama kwenye nguzo mbele ya geti, pua juu. Tumboni tutajaza zege ili upepo usiitikise. Na tutaipa namba ya ile iliyoangusha mbili za adui katika vita vya mwaka sabini na moja, pamoja na alama zake. Waziri anakuja kufungua. Watu wanataka shujaa."

"Ndege hii haijawahi kupigana vita. Ilitoka kiwandani vita vimekwisha."

"Hakuna anayejua."

"Mimi najua."

"Basi wewe kaa nalo," alisema, akanifungulia mlango. Kesho yake mlinzi wa getini, Tilok, aliniambia kwa aibu kwamba jina langu limeandikwa kwenye karatasi: nisiingie.

Nilikaa nyumbani wiki tatu nikitukana. Nilitukana chai ikiwa na sukari na ikikosa. Nilimtukana Chaliha nikila mchuzi wa samaki wa uchachu, hadi mwiba ukanikwama kooni na Hiranya akanipiga mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Baba Pallavi," aliniambia, "hebu niambie ukweli. Hasira hii ni ya Chaliha, au ni yako mwenyewe?"

"Usinianze."

"Sijakuanza. Miaka thelathini na sita nakusikiliza ukiisema ndege hii, na kila ukifika kwa yule rubani kijana wa Kimaratha unanyamaza. Leo Chaliha anataka kumfunika na rangi, unapiga kelele mji mzima. Wewe ulimfunika na nini?"

Nikainuka nikatoka nje. Nilimchukia mke wangu siku ile kwa sababu alikuwa ametia kidole penyewe.

Kijana wa Kimaratha alikuwa Luteni Sudhanva Kelkar. Mwaka themanini na nane, kituo chetu kikiwa hapahapa Rangajan, alikuwa na miaka ishirini na minne, mwembamba, anapenda kuchokoza. Akija kwenye ndege asubuhi alikuwa akiniuliza, "Kakoti, leo imeamka vizuri au ina kisirani?" Mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga mikanda. Wiki ile nilikuwa nimeandika mara mbili kwenye kitabu cha ndege kwamba gasketi ya bomba la mafuta imepitisha muda wake, ibadilishwe. Mara mbili mkuu wangu akaandika chini yake: vipuri havijafika, iendelee. Na mara mbili nikatia saini.

Siku ya Alhamisi injini ilizima akiwa juu ya mashamba ya chai. Mnarani walimwambia aruke kwa parachuti, aiache. Chini yake kulikuwa na gulio. Wachuma chai walikuwa wamejaa, wanawake na watoto. Hakuruka. Ndege ile ikikosa injini huanguka kama tofali, lakini akaigeuza, akaileta hadi kwenye njia yetu. Iligusa ardhi kwa kasi mno, ikapitiliza mwisho wa lami, mguu wa mbele ukavunjika kwenye mtaro.

Nilikuwa wa kwanza kufika. Mafuta yalikuwa yananuka kila mahali. Kifua chake kilikuwa kimebanwa na dashibodi. Akanitazama, akasema, "Kakoti, zima betri." Alijua cheche moja ingetuunguza wote wawili. Nikazima. Alifia njiani kwenda hospitali.

Ndege iliumia kidogo kuliko yeye. Ilitengenezwa, ikaruka tena miaka mingi.

Katika uchunguzi nilitaka kusema habari za gasketi. Mkuu wangu aliniita pembeni. Hakunitisha kwa sauti, aliniuliza tu, "Sajini, una watoto wangapi?" Nilikuwa na wawili, na wa tatu yuko njiani. Kitabu cha ndege kikapotea, kikaja kingine kipya. Nikatia saini ya tatu. Ripoti ikasema kosa la rubani.

Miezi minne baadaye ilinijia barua kutoka Sangli, mji wa kwao, ya baba yake. Mwandiko wa mwalimu, umenyooka kama uzi. "Nimeambiwa wewe ndiye uliyemtoa. Tafadhali niambie, mwanangu alikosea wapi?" Sikumjibu. Barua ile niliiweka kwenye bati la biskuti na vyeti vyangu, na kila nilipotafuta cheti niliiona.

Sasa nikaitoa. Nikaandika kwa anwani ileile, kurasa tano, kila kitu: gasketi, saini, kitabu, betri, bati la biskuti, na mwisho namba yangu ya simu. Sikujua kama kuna mtu bado anaishi pale. Siku ya kumi na mbili simu ikalia, sauti ya mwanamke.

"Wewe ndiye Kakoti?"

"Ndiye, mama."

"Usiniite mama. Mimi ni Vaijayanti, dada yake Sudhanva. Baba alikufa miaka tisa iliyopita. Unajua alikuwa anafundisha nini?"

"Sijui."

"Hesabu! Na tangu ile ripoti, alikuwa akikaa mezani na penseli. Kasi, upepo, uzito, urefu wa njia. Aliandikia maofisa wampe vipimo. Amejaza madaftari kumi na moja akitafuta kosa la mwanawe. Alikuwa akisema, 'Mahesabu yangu yana kasoro mahali, Vaiju, maana nikipiga naona mtoto alifanya sawa.' Miaka ishirini na saba akijiona yeye ndiye mjinga! Na wewe ulikuwa na jibu kwenye bati la biskuti!"

Nililivuta lile bati mezani, nikalifunika.

"Sema kitu!"

"Hakukosea, dada. Alikuwa sahihi. Baba yako alikuwa sahihi."

Akakata. Baada ya saa nzima akapiga tena, sauti kavu kama kuni: "Hiyo ndege iko wapi? Nakuja."

Alifika Jumatano na treni, mama wa miaka hamsini na sita, nywele zimekatwa fupi, begi moja begani. Hiranya alikuwa amepika, lakini mgeni hakula. Nilipotaka kumpokea begi alilivuta. "Nipeleke," alisema.

Kwenye karatasi ya Tilok lilikuwemo jina langu tu, la kwake halimo, kwa hiyo alimpita na kunivuta mkono. "Huyu ni fundi wangu," alimwambia. Tilok akatazama pembeni.

Ndege ilikuwa juu ya nguzo nene, ya urefu wa mtu mmoja na nusu, imepakwa rangi ya fedha ya mageti. Mabawa yalikuwa yamechomelewa, yamepinda. La kushoto lilining'inia kama mkono uliovunjika. Kwenye bomba la pua, mahali injini inapovutia hewa, zege lilikuwa limefurika na kugandia kwenye mdomo kama uji. Ubavuni, namba ya ndege nyingine na alama mbili nyekundu za ushindi wa mtu mwingine. Ngazi na majukwaa ya wapaka rangi yalikuwa bado hayajaondolewa.

Vaijayanti alisogea hadi chini ya pua, akanipa mgongo. Nilidhani analia. Alikuwa anasaga meno.

Chaliha akatoka na gamosa mpya mikononi, kile kitambaa cheupe chenye pindo jekundu tunachowavisha wageni wa heshima. Alikuwa ameshaambiwa.

"Dada yetu, karibu sana Rangajan. Tungejua mapema tungekuandalia—"

"Kaka yangu alikuwa kwenye hii," alimkatiza, bila kuinamisha shingo kuvishwa. "Namba yake iko wapi?"

"Hilo ni suala la maonyesho tu. Watu wanapenda historia ya ushindi. Tunaheshimu maumivu yako, lakini waziri anakuja Ijumaa, na kadi zimeshachapwa."

"Mimi nimefanya kazi ya ishara za reli miaka thelathini," alisema. "Nimekaa kwenye chunguzi za ajali muda mrefu kuliko ulivyokaa kwenye hicho kiti. Najua zinavyoandikwa. Analaumiwa yule asiyeweza kujibu. Kaka yangu mmeshamlaumu. Sasa hata ndege iliyomuua mnampa mtu mwingine?"

"Ripoti ilisema kosa la—"

"Ripoti ilisema uongo," nilidakia. "Na mimi ni mmoja wa walioutia saini."

Chaliha akanigeukia kwa dharau. "Kumbe! Na unakuja kunifundisha mimi heshima ya ndege?"

Neno lile lilinipata barabara. Nikalimeza, maana lilikuwa haki yangu.

Vaijayanti akanigeukia. "Kakoti, hii rangi mpya inatolewa kwa kitu gani?"

"Ni rangi ya mageti. Ile ya jeshi iliyo chini yake ni ngumu. Thina na matambara vinatosha."

"Unayo?"

Nilikuwa nayo. Lita tano, kwenye mfuko wa baiskeli.

Alipanda jukwaa kabla Chaliha hajaelewa. Mimi nikafuata na dumu na matambara, magoti yakilia. Tukaanza kusugua. Saa ilikuwa nne asubuhi na watu walikuwepo: wazee, wapenzi, darasa zima la shule ya msingi na mwalimu wao. Simu zikainuliwa. Rangi ya fedha ikaanza kulainika, ikatiririka hadi viwikoni mwetu.

"Mama, shuka!" Tilok alikuwa chini anazunguka. "Shuka, nitafukuzwa kazi!"

"Waambie nimekusukuma."

"Hujanisukuma!"

"Panda nikusukume."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anasugua kama mtu anayemwosha maiti, na kila mkono wake ulipopita alikuwa akitoa maneno kwa Kimaratha ambayo sikuyaelewa na sikuhitaji kuyaelewa. Alama nyekundu za ushindi ziligeuka tope. Kisha chini yake ikaonekana rangi nyeusi: mguu wa tarakimu ya nne, halafu moja, halafu saba, vilevile nilivyovipaka mimi kwa stensili nikiwa na nywele kichwani.

Mwalimu wa shule akauliza kwa sauti, "Mama, ndege hii ilimpiga nani?"

"Haikumpiga mtu!" alijibu kutoka juu. "Iliwaacha watu wa gulio wakiwa hai, ikamuua aliyeiendesha. Na waliojua kwa nini, mmoja yuko hapa pembeni yangu. Muulizeni!"

Wakaniuliza. Nikiwa juu ya jukwaa, thina ikiniunguza vidole, niliwaambia watu wa mji wangu nilichowaficha miaka thelathini na sita. Wengine walinijua tangu utoto. Mama mmoja mzee, mchuma chai, akaweka kikapu chini na kuuliza Alhamisi ile ilikuwa mwezi gani. Nikamwambia. "Nilikuwepo," alisema. "Ilipita juu bila sauti. Tulidhani ni tai." Akasimama anaitazama.

Polisi walikuja. Afisa kijana akasikiliza pande zote, akamuuliza Chaliha anataka kumshtaki nani: mzee wa miaka sabini na moja, au dada wa marehemu, huku simu arobaini zinamtazama? Chaliha akaingia ofisini, akabamiza mlango.

Rangi mpya haikupatikana kabla ya Ijumaa. Waziri alikata utepe mbele ya ndege iliyokwaruzwa ubavu mmoja, namba 417 ikimtazama, akahutubia dakika sita badala ya thelathini. Chama cha marubani wastaafu kilikuwa kimeiona video na kimeandika barua kali. Bodi ikaamua namba ibaki. Chaliha naye akabaki. Watu wa aina yake hawang'oki kwa thina. Zege halitoki tena, na mabawa ni yaleyale. Nikiyatazama damu bado inanichemka.

Nilipomsindikiza Vaijayanti stesheni, Chaliha alikuwa ametuma mtu kuomba daftari moja la mwalimu wa hesabu, liwekwe kwenye kabati la kioo. Vaijayanti alimrudisha mtu huyo mikono mitupu. "Madaftari ya baba yangu hayalali nyumba moja na lile zege," alisema.

Treni ilikuwa imeshapiga honi nilipopata ujasiri. "Dada, najua siwezi kukuomba—"

"Basi usiombe," alisema. "Sijakusamehe, Kakoti. Huenda nisikusamehe. Baba yangu angekusamehe, alikuwa mtu mwema kuliko mimi. Nenda ukaiandikie jeshi la anga ulivyoniandikia mimi, na utie saini hiyo ya nne."

Niliandika. Kurasa kumi na nne, na kiapo mbele ya hakimu. Jibu lilikuja baada ya miezi mitano, mistari miwili: faili limefungwa, hakuna sababu ya kulifungua. Nimeandika tena. Nimeandika mara tatu sasa, na nakala ya kila barua naituma Sangli. Yeye hajibu, ila mara moja alinirudishia ukurasa mmoja, amesahihisha kwa kalamu nyekundu tarehe niliyokosea.

Kibao cha makumbusho tulikipigania hadi kikaandikwa jina lake, tarehe, na kwamba alikataa kuiacha ndege juu ya gulio. Kuhusu gasketi walikataa. Kwa hiyo kila Jumapili nakwenda mwenyewe. Tilok ananiwekea kiti kivulini mwa bawa lililopinda. Watu wakisoma kibao huuliza injini ilizima kwa nini, nami nawaeleza, pamoja na jina la aliyenyamaza, yaani langu. Wapo wanaonipa pole. Pole zao sizitaki, nawaambia waende wakaisome namba 417 pale ubavuni.